Masaa tisa na nusu Frankfurt, nitoke mjini au nijikalie zangu getini?

#1 Mwali wa Kariakoo
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo, safari ni tarehe 8 mwezi wa tatu. Natoka Dar, napitia Addis, halafu Frankfurt, mwisho Toronto kwa kaka yangu. Tiketi ni moja na mabegi wamesema yanaenda moja kwa moja. Sasa hapo Frankfurt nafika saa kumi na mbili kasoro, naondoka saa tisa na nusu. Masaa yote hayo nikae naangalia viatu vya watu wanaopita kweli? Je naweza kutoka nikaona mji nikarudi bila kuachwa? Viza ya Kanada ninayo na pia nina Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, niliyopewa na Waholanzi mwaka jana nilipoenda kozi, ni ya kuingia mara nyingi, inaisha mwezi wa tano. Kingereza nakimudu, Kijerumani hata salamu sijui.

#2 Dereva Mstaafu
Tiketi imeandikwa ngapi hasa? Mdogo wangu aliona 09:30 akasema mdomoni "tisa na nusu", siku ya siku akaja eapoti mchana na sufuria lake la ubwabwa, ndege ilishaondoka tangu asubuhi.

#3 Mwali wa Kariakoo
Hahaha mkuu, 05:50 mpaka 15:30. Nimesoma mara tatu na bado nitasoma tena.

#4 Tai Mzee
Toka tu dada wala usiwaze. Ulaya ukiwa na tiketi ya kuendelea ndani ya masaa 24 hawakuulizi viza, wanakupa muhuri unatembea unarudi. Shemeji yangu kafanya hivyo.

#5 Jirani wa Mto Main
@Tai Mzee shemeji yako labda alifanya hivyo nchi nyingine, zipo zenye utaratibu huo, lakini Ujerumani haupo. Mimi naishi Offenbach, ni pua na mdomo na Frankfurt, mwaka wa kumi na moja huu, na hiyo eapoti nimeshapokea wageni mpaka wauza kahawa wananijua. Iko hivi: pasi ya Tanzania au Kenya, ukiwa unaunganisha ndege kwenda nje ya Schengen, unakaa upande wa kimataifa bila viza yoyote. Hakuna atakayekugusa. Ila ukitaka kuvuka dirisha la pasipoti uende mjini, lazima uwe na Schengen au kibali cha kuishi cha nchi ya Schengen. Viza ya Kanada, ya Marekani, ya Uingereza, hazikuvushi hata moja. Mleta uzi Schengen anayo na bado hai, kwa hiyo kwa upande wa karatasi hana shida.

Na kitu kingine wengi hawakijui, mtu mwenye tiketi mbili tofauti alizonunua kwa bei chee mtandaoni. Huyo begi lake halipiti, inabidi alifuate kwenye mkanda, na mkanda uko baada ya dirisha la pasipoti. Bila viza hafiki kwenye begi. Nimeona mama wa watu analia pale kwa ajili hiyo.

#6 Mwana Kivu
Nyinyi muko na raha. Sisi wa Kongo pasi yetu iko kwenye ile liste ya Schengen, hata kukaa tu ndani ya eapoti wanakuomba viza ya transiti. Ila ukiwa na viza ya Kanada ao ya Marekani mukononi wanakuachilia upite. Mukubwa yangu alikatazwa kupanda ndege juu ya hiyo karatasi, sasa munaniletea habari ya kutembea mjini.

#7 Kibonge wa Moshi
Mimi nina swali kwa Jirani. Viza kapewa na Waholanzi, anaingilia Ujerumani. Si sheria inasema lazima uingie kwanza kwa aliyekupa?

#8 Jirani wa Mto Main
Hapana. Hiyo ni hadithi ya vijiweni, sijui nani aliianzisha. Unaomba viza kwa nchi unayoenda kukaa siku nyingi zaidi, hapo ndipo wanabana, lakini ikishatoka unaingilia mlango wowote wa Schengen. Na yeye safari ya Uholanzi alishaimaliza, hii ni safari nyingine ndani ya viza ile ile. Aangalie tu siku zake, zisizidi 90 katika kila siku 180.

#9 Bahasha ya Kaki
Ngojeni niwape kisa changu maana mpaka leo sijapata jibu. Mimi na mfanyakazi mwenzangu, ofisi moja, pasi za Tanzania zote mbili, viza za Schengen tumepewa siku moja ubalozi mmoja, ndege moja, viti 31A na 31B. Tulikuwa na masaa manane kwenye eapoti moja ya huko Ulaya, si Frankfurt na siitaji jina. Tukaenda dirishani, yeye dirisha la kushoto mimi la kulia. Yeye dakika mbili, muhuri, kapita. Mimi nikaulizwa unaenda wapi, una shilingi ngapi, nani anakusubiri, nikaambiwa kaa pembeni, nikakaa dakika arobaini, mwisho nikaambiwa rudi transiti. Mwenzangu akarudi jioni na picha za kanisa na mkoba wa chokoleti. Kuna kosa gani nilifanya?

#10 Kibonge wa Moshi
Yako ilikuwa ya kuingia mara moja. Ungeitumia pale ungebaki mikono mitupu, afisa kakuonea huruma.

#11 Bahasha ya Kaki
Zote mbili zilikuwa za mara nyingi. Tuliziweka pamoja mezani tukazilinganisha kama watoto wanalinganisha mitihani.

#12 Ustadhi wa Chake
Ndugu yangu ulijibu nini ulipoulizwa unaenda wapi? Maana hapo ndipo pana mambo.

#13 Bahasha ya Kaki
Nilisema kutembea tu.

#14 Ustadhi wa Chake
Basi. "Kutembea tu" kwa mtu wa dirishani ni sawa na kusema sijui niendako. Mwenzako alisema nini?

#15 Bahasha ya Kaki
Anasema hakuulizwa chochote!! Ndiyo maana nasema hainiingii akilini.

#16 Njoro254
Hiyo ni lottery tu bro. Dirisha la kushoto kulikuwa na mtu amekunywa kahawa, la kulia hajakunywa. Nimepita hizo border mara kadhaa, pasi ni ile ile ya Kenya, siku zingine napigwa maswali kama niko kortini na siku zingine jamaa hata hainui macho.

#17 Jirani wa Mto Main
Si bahati tupu. Viza siyo ahadi ya kuingia, dirishani wana haki ya kukuuliza upya: sababu ya safari, hela, tiketi ya kuondoka. Bahasha, tiketi ya kuendelea ulikuwa nayo mkononi au kwenye simu? Na tarehe za viza, inaanza lini? Kuna watu wanapewa viza inayoanza siku ya mkutano, wao wanapita siku tatu kabla.

#18 Bahasha ya Kaki
Tarehe zilikuwa sawa na za mwenzangu. Bodingi pasi ilikuwa kwenye simu na simu ilikuwa asilimia 3, hapo nakiri nilihangaika kidogo kuifungua.

#19 Kibonge wa Moshi
Aaah sasa ungeanza na hiyo.

#20 Njoro254
Asilimia 3 😂😂 afisa ameona mtu anatoa jasho akitafuta tiketi. Mimi pia ningekurudisha.

#21 Mama Wawili
Mwali chapisha karatasi zote, usitegemee simu. Bodingi ya kwenda Toronto, anuani ya kaka, hata picha ya sehemu unayotaka kuona. Mimi nilipita Frankfurt na mwanangu wa miaka minne, niliogopa kutoka, tukabaki ndani. Sikujuta. Kuna viti virefu vya kulalia, waifai ya bure, sehemu ya watoto kucheza, bafu za kulipia, na vyumba vya kusali vipo. Tulipanda ile treni ndogo ya juu inayounganisha Terminal 1 na 2, ni ya bure, mtoto akaomba turudie, tukaenda na kurudi mara sita. Mpaka leo akiulizwa Ujerumani kuna nini anasema kuna treni ya kwenda na kurudi.

#22 Binti Makunduchi
Jamani mbona hakuna aliyeangalia kalenda? Tarehe 8 mwezi wa tatu ni JUMAPILI.

#23 Mwali wa Kariakoo
Jumapili kuna nini? Si ndiyo vizuri, hakuna msongamano.

#24 Jirani wa Mto Main
Duh, Binti asante, hata mimi sikuangalia. Mwali, Jumapili Ujerumani maduka yanafungwa kwa sheria. Ile barabara ya maduka inaitwa Zeil ambayo wageni wote wanaikimbilia utaikuta mijengo na njiwa. Kleinmarkthalle, soko la ndani ambalo kwangu mimi ndiyo raha ya mji huu, samaki, jibini, viungo, Waturuki na Waitaliano wanapigizana kelele, nalo limefungwa. Yanayobaki ni mikate asubuhi, migahawa, makumbusho kuanzia saa nne, na maduka ya stesheni kuu na ya eapoti yenyewe. Kama ulipanga kununua nguo, nunua Addis.

#25 Dereva Mstaafu
Mbona sheria ya ajabu. Wazungu hawapendi hela?

#26 Ustadhi wa Chake
Ni dini. Jumapili ni siku yao ya ibada kama sisi Ijumaa.

#27 Njoro254
Dini gani na makanisa ni matupu. Ni vyama vya wafanyakazi, wanataka watu wapumzike.

#28 Jirani wa Mto Main
Mko sahihi wote na hakuna aliye sahihi. Katiba yao inaitaja Jumapili kama siku ya kupumzika na ya kuinua roho, makanisa na vyama vya wafanyakazi wanasimama pamoja kuitetea, wenye maduka wanalalamika kila mwaka. Mimi nilipofika nilikaa Jumapili nzima bila sukari. Siku hizi nikisikia jirani anatoboa ukuta Jumapili nakasirika mimi, Mmatumbi wa watu.

Haya turudi kwa Mwali. Masaa tisa na dakika arobaini ni ya tiketi tu, ya kwako si hayo. Ndege inatua 05:50, mpaka ishuke watu na utembee korido zile ndefu ni saa kumi na mbili na nusu. Dirishani weka saa nzima, kwa sababu tangu Oktoba 2025 wameanza ule mfumo mpya wa kupiga picha na kuhakiki alama za vidole kwa wageni wenye viza za muda mfupi, na mara ya kwanza inachukua muda. Kutafuta stesheni, kununua tiketi, kusubiri, nusu saa. Mjini utakuwa saa mbili asubuhi na ushee. Kurudi: mjini ondoka saa sita, usizidishe, sababu utakaguliwa upya, utapanga foleni ya pasipoti upya, halafu geti linaweza kuwa mwendo wa dakika ishirini. Kwa hiyo mji una masaa manne basi. Yanatosha sana kwa miguu.

Treni: stesheni ziko mbili pale, usiende ile ya treni za mbali. Ya kwako iko chini ya Terminal 1, unatafuta S8 au S9 za kuelekea mjini. Dakika kumi na mbili hivi uko Hauptbahnhof, yaani stesheni kuu. Mimi nakushauri usishuke hapo, endelea mpaka Hauptwache, kituo cha katikati ya mji. Nauli ni kama yuro sita hadi saba kwenda peke yake.

#29 Njoro254
Kuhusu hiyo tiketi nisikilizeni. Hakuna geti, hakuna kondakta, unaingia tu kama umeingia kwa nyumba yako. Nikaona mashine ina tiketi ya bei rahisi kabisa nikanunua hiyo, kumbe ni ya mwendo mfupi, ya vituo vichache ndani ya mji, haifiki eapoti. Jamaa wawili wamevaa jeans na kofia kama mashabiki wa mpira wakasimama wakatoa vitambulisho. Yuro 60. Nilijaribu kuongea Kiswahili pekee yake, mmoja akaniambia "pole sana" 😭 alikuwa amefanya likizo Diani.

#30 Kibonge wa Moshi
😂😂😂 pole sana na faini juu.

#31 Tai Mzee
Mnamshauri asishuke Hauptbahnhof kwa nini? Pale ndiyo katikati, kuna mitaa mizuri ya kufika mtoni kwa miguu.

#32 Jirani wa Mto Main
Unafika kweli, ni mwendo wa dakika ishirini, na Kaiserstraße mchana ni sawa tu. Ila mitaa ya pembeni pale ina watu wa unga, wanajidunga hadharani, asubuhi ya Jumapili mabaki ya Jumamosi usiku bado yamelala mlangoni. Hawakudhuru ila mgeni wa mara ya kwanza anaogopa. Halafu ni huko huko kwenye vyakula bora vya Kituruki, Kihabeshi na Kipakistani, kwa hiyo hata sisi wenyeji hatujui tupachukie au tupapende.

#33 Ustadhi wa Chake
Tukija kwenye chakula. Sisi tusiokula nguruwe Frankfurt tunakula nini, maana mji wenyewe jina lake ni soseji.

#34 Jirani wa Mto Main
Soseji ile maarufu ni ya nguruwe, ndiyo. Lakini kuna nyingine ya hapa hapa inaitwa Rindswurst, ya ng'ombe tupu. Sasa kuchinjwa kwake hilo siwezi kukuhakikishia, mwenye kutaka halali hasa aende kwa Waturuki karibu na stesheni. Cha kujaribu bila wasiwasi ni Grüne Soße, sosi ya kijani ya majani saba, wanaimwaga juu ya viazi na mayai ya kuchemsha, inaliwa baridi. Mara ya kwanza nilidhani wamesahau kuipika.

#35 Mama Wawili
Na maji! Mwambieni kuhusu maji. Nilinunua chupa mwanangu akanywa akalia, ina gesi inauma puani. Nikanunua nyingine, gesi. Ya tatu gesi kidogo.

#36 Jirani wa Mto Main
Tafuta neno "still". Au jaza ya bombani, ni safi. Na ile chupa ya plastiki usitupe, ina senti 25 zake, unarudisha kwenye mashine dukani. Ukiona mzee anachungulia kwenye pipa la taka usishangae, anatafuta hizo.

#37 Binti Makunduchi
Mimi nilienda kuona huo mji wa kale wao, uwanja wa Römerberg pale na vile vichochoro vya kuelekea kanisa kubwa. Nilisikia raha kweli, nyumba za mbao, michoro, dhahabu dhahabu. Halafu mwenyeji wangu akaniambia nyumba hizi ni za juzi, zimemalizika 2018. Nikajiona mjinga.

#38 Dereva Mstaafu
2018? Mji wa kale wa 2018?

#39 Jirani wa Mto Main
Ndiyo. Wa zamani wenyewe ulilipuliwa kwa mabomu Machi 1944, ukateketea karibu wote. Baada ya vita pale kati ya kanisa na uwanja, miaka ya sabini wakajenga jengo la zege la ofisi za manispaa, baya kama kabati lililoanguka. Wakaja kulivunja wakajenga nyumba 35, kati yake 15 ni nakala za zilizokuwepo. Kwenye baadhi wamepachika mawe ya zamani yaliyookotwa. Hata zile nyumba za mbao zinazotazamana na ukumbi wa jiji, ambazo kila mtu anapigia selfi, ni za miaka ya themanini. Ukumbi wenyewe, Römer, jiji linautumia tangu 1405, ingawa nao uliungua.

#40 Binti Makunduchi
Ndiyo hapo mimi nilipobishana na mwenyeji wangu. Yeye anasema ni mji feki, wa kuuzia wageni sumaku za friji. Mimi natoka Unguja, Beit al Ajaib ilianguka upande tarehe 25 Desemba 2020, naijua hiyo huzuni ya kupita mahali ukaona uwazi. Wakiijenga upya ile ile, mlango ule ule, nitaiita feki mimi?

#41 Ustadhi wa Chake
Beit al Ajaib nusu imebaki, wanarekebisha. Hii ya Wajerumani ilipotea miaka sabini ndipo wakakumbuka. Si sawa.

#42 Binti Makunduchi
Kwa hiyo ukichelewa kulia hutakiwi kulia?

#43 Kibonge wa Moshi
Jamani uzi wa dada wa watu wa transiti umekuwa wa wajenzi.

#44 Tai Mzee
Nirudi kwenye mada. Apande Main Tower, jengo la mita 200, juu unaona mji wote na ndege zinavyoshuka.

#45 Jirani wa Mto Main
Hapo umesema. Inafunguliwa saa nne asubuhi, upepo ukiwa mkali wanafunga. Mwezi wa tatu upepo uko nyumbani kwake. Mwali usijenge safari yako juu ya hilo.

#46 Mwana Kivu
Na ndege ikichelewa kutoka Addis? Yale masaa ine yanabaki mbili.

#47 Njoro254
Ama ichelewe ya kutoka Frankfurt. Mimi transit ya masaa matano ilifika kumi na nne. Na mjue pale usiku saa tano mpaka saa kumi na moja alfajiri ndege hazipangwi kabisa, ni sheria ya kelele. Ikisukumwa kidogo usiku imelala hiyo mpaka kesho. Nililala kwa viti na jaketi la mtu simjui, sikuwa na Schengen ya kuenda hoteli ya nje.

#48 Jirani wa Mto Main
Ulidai fidia? Ndege ikiondokea Ulaya ukachelewa kufika zaidi ya masaa matatu na kosa ni la shirika si la hali ya hewa, safari ndefu za zaidi ya kilomita 3500 ni hadi yuro 600. Shirika la nchi yoyote.

#49 Njoro254
Walisema ni theluji.

#50 Jirani wa Mto Main
Kulikuwa na theluji?

#51 Njoro254
Theluji ya kupaka kwa mkate labda.

#52 Mwali wa Kariakoo
Nimesoma yote, asanteni jamani. Nimechapisha karatasi, nimeweka soksi mbili kwenye begi la mkononi. Swali la mwisho, saa ya huko na ya kwetu tofauti ngapi?

#53 Jirani wa Mto Main
Tarehe 8 bado ni saa za baridi, sisi tuko nyuma yenu masaa mawili. Mwisho wa mwezi wanasogeza mbele inabaki moja. Usitazame saa ya mkononi, tazama ya ukutani.

#54 Mwali wa Kariakoo
NIMERUDI. Niko geti la Toronto, saa nane kasoro, miguu inawaka moto. Niwape ripoti.

Dirishani nilitumia muda wa saa moja na dakika kumi. Foleni yenyewe haikuwa ndefu, shida ilikuwa vidole vyangu. Kwenye ndege nilijipaka mafuta ya nazi mikono yote kwa sababu ya ukavu, mashine ikakataa kusoma, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Afisa akanipa karatasi laini nifute, nikafuta, ikakataa, nikafuta kwenye sketi, ikakubali. Akauliza mjini unaenda kufanya nini. Nikasema naenda Römerberg na kwenye daraja la chuma la mto Main, narudi saa sita, bodingi hii hapa, nikamwekea na karatasi zote. Hakuzisoma. Akasema leo baridi, vaa kofia. Basi.

Saa mbili na nusu nilikuwa Hauptwache. Wakuu, nilikuwa PEKE YANGU. Sijawahi kuona mji mkubwa hauna mtu, Kariakoo saa kumi alfajiri ina watu kuliko pale. Nikashuka kwa miguu mpaka Römerberg, kuna mzee mmoja anafagia vipande vya chupa na mbwa wake amekaa anamsubiri. Halafu kengele zikaanza, si za kanisa moja, yote, kila upande, mawe chini yanatetema. Nikasimama pale katikati kwenye chemchemi yenye sanamu ya yule mwanamke mwenye mizani na upanga. Binti Makunduchi, za juzi au za zamani sijui, mimi nilitokwa na machozi kidogo nikasingizia upepo.

Lile daraja la chuma nikavuka mpaka ng'ambo nikarudi. Limejaa kufuli za wapenzi, moja imeandikwa majina mawili halafu moja limekwanguliwa na kitu chenye ncha. Nikakaa kwenye ngazi nikala mkate wa chumvi wa mafundo. Ile Grüne Soße nimeikosa, migahawa ilikuwa bado. Main Tower sikupanda, nilikaa mno mtoni. Saa tano na nusu nikarudi, mapema kuliko mlivyosema, hofu tu.

#55 Mama Wawili
Hongera mwanangu. Vidole na mafuta ya nazi hiyo hata sikuwazia.

#56 Jirani wa Mto Main
Umefanya vizuri. Lile daraja ni la 1869, wanajeshi wao wenyewe walililipua 1945 wakikimbia, likarudishwa mwaka uliofuata. Na yule mwanamke wa mizani, ulimwangalia usoni?

#57 Mwali wa Kariakoo
Nina picha. Kwani ana nini?

#58 Jirani wa Mto Main
Huyo ni sanamu ya Haki, kwingine anafungwa kitambaa machoni. Huyu wa Frankfurt hana, anakuona.

#59 Bahasha ya Kaki
Sasa nimeelewa. Kumbe mimi nilihudumiwa na huyo.

#60 Kibonge wa Moshi
Bahasha wewe ulihudumiwa na chaji asilimia 3. Na mimi bado nasema ile viza yako ilikuwa na kasoro, hebu weka picha tuone, funika namba.

#61 Bahasha ya Kaki
Pasi ile ilijaa nikaibadilisha, ya zamani iko kijijini kwa mama kwenye sanduku.

#62 Njoro254
Tumekwisha. Mama atumiwe simu.

#63 Ustadhi wa Chake
Lile jibu lake Mwali dirishani mmeliona lakini? Kataja mahali, kataja saa. Sikusema mimi?

#64 Bahasha ya Kaki
Na mwenzangu ambaye hakuulizwa kitu alitaja mahali gani?

#65 Mkwezi wa Pangani
Samahani kuingilia, mimi nina masaa sita Munich mwezi ujao, Schengen yangu ni ya kuingia mara mbili, moja nimeshaitumia. Nitoke?

#66 Dereva Mstaafu
Masaa sita ya tiketi au ya kwako?